Bakuli la shaba ya dola mbili linauzwaje kwa mamia ya dola? Somo la enameli za Marekani kwa aliye na kitu cha zamani nyumbani

Chukua bakuli dogo la shaba, upana wake kama kiganja cha mtu mzima. Ndani limepakwa rangi inayong'aa kama kioo, buluu iliyokolea yenye mistari ya kijani. Nyuma kuna jina la mtu limeandikwa kwa mkono. Uzito wake ni kama gramu 200.

Ukilipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu atakupa bei ya shaba. Tuchukulie dola 10 kwa kilo, bei ambayo haikuwa mbali na ile ya soko la dunia mwaka 2025. Bakuli zima linakuwa na shaba ya dola 2, hata shilingi elfu sita za Tanzania hazifiki. Lakini huko Marekani bakuli la namna hiyo, likiwa limetengenezwa miaka ya 1950 na fundi anayejulikana, linauzwa kwa makumi na mara nyingi mamia ya dola. Kazi za mafundi wachache wa juu kabisa hufika maelfu.

Huenda unajiuliza, msikilizaji, hilo linatuhusu nini sisi tunaongoja mvua na bei ya korosho. Linatuhusu. Swali la kwa nini kitu cha zamani kinapata bei, na nani anaila hiyo bei, ndilo swali lile lile anapokuja mtu na pikipiki kijijini akiuliza kama bibi ana kigoda cha zamani, kinyago, au sarafu za Mjerumani. Tukielewa soko la wenzetu linavyokwenda, tutajua tumjibu nini huyo wa pikipiki.

Enameli ni nini hasa?

Wengi wetu tunayo nyumbani bila kuiita jina hilo. Ni vile vikombe na sahani tunazoziita za bati, nyeupe zenye ukingo wa buluu, au yale mabeseni yenye maua mekundu. Ukikiangusha kikombe, rangi inabanduka kipande, na pale palipobanduka panaanza kutu. Ile inayobanduka si rangi ya kawaida. Ni kioo.

Enameli ni unga wa kioo ulioyeyushwa juu ya chuma au shaba. Fundi anasaga kioo maalumu, ambacho ndani yake mna mchanga laini, magadi, boraksi na, zamani, madini ya risasi. Anaunyunyiza unga huo juu ya shaba iliyosafishwa vizuri, kisha anaingiza kwenye tanuri lenye moto wa kama nyuzi 800. Baada ya dakika chache unga unayeyuka na kushikamana na shaba. Fundi anatoa, anaacha ipoe, anaongeza rangi nyingine, anarudisha motoni. Kazi moja inaweza kuingia tanurini mara tano, mara kumi au zaidi, na mara yoyote kati ya hizo inaweza kuharibika.

Rangi hutokana na madini. Kobalti inaleta buluu. Shaba yenyewe inaleta kijani na rangi ya bahari. Bati lile la kweli, yaani madini, huleta weupe usiopitisha mwanga. Dhahabu kidogo inaleta waridi na wekundu.

Kuna siri moja ya ufundi hapa. Kioo na shaba havinyweki sawa vinapopoa. Ukipaka enameli upande mmoja tu, bakuli linajikunja au kioo kinapasuka. Kwa hiyo fundi anapaka na upande wa nyuma ili pande mbili zivutane sawa. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu hugeuza bakuli kwanza na kutazama nyuma. Kazi ya haraka haraka hujionyesha huko.

Tutofautishe na kitu kingine. Dukani kuna rangi ya mafuta ya kopo ambayo nayo huitwa enameli. Hiyo haina kioo wala haiingii tanurini. Ni rangi inayokauka kwa hewa na kubaki ikimeremeta. Tutairudia hiyo hapo mbele, kwa sababu ndiyo iliyoifanya sanaa yetu moja kujulikana duniani.

Walioitengeneza walikuwa nani?

Enameli ni ufundi wa kale sana. Kwa Marekani, ilishika kasi kati ya miaka ya 1930 na 1970, na mji uliotangulia ni Cleveland, katika jimbo la Ohio. Mji huo ulikuwa na viwanda vya chuma na kampuni ya Ferro iliyotengeneza enameli ya majiko na majokofu. Kulikuwa pia na shule ya sanaa, na jumba la makumbusho lililokuwa likifanya maonyesho ya kila mwaka ya kazi za wenyeji.

Kenneth Bates alianza kufundisha katika shule hiyo mwaka 1927 na akaendelea kwa miaka 40 hivi. Mwaka 1951 alichapisha kitabu cha kufundisha enameli hatua kwa hatua, na watu wengi waliojifunzia nyumbani walikifuata. Mwenzake Edward Winter alikuwa amesoma Vienna. Aliporudi aliruhusiwa kutumia matanuri makubwa ya kiwanda cha Ferro, akatengeneza picha za ukutani za enameli kwenye mabamba ya chuma, kubwa kuliko mtu wa tanuri la nyumbani anavyoweza kuota.

Karl Drerup alitoka Ujerumani. Mke wake alikuwa Myahudi, wakaikimbia Ulaya, wakafika Marekani mwaka 1937. Alifanya kazi na kufundisha katika jimbo la New Hampshire. Kule San Diego, California, walikuwapo Ellamarie na Jackson Woolley, mke na mume waliofanya kazi pamoja kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Na June Schwarcz, aliyeanza kujifunza mwaka 1954, alifanya kazi nyumbani kwake karibu na San Francisco mpaka uzee. Alifariki mwaka 2015 akiwa na umri wa miaka 97.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia idadi ya mafundi iliongezeka sana. Serikali ya Marekani iliwalipia ada za masomo askari waliorudi, na baadhi yao wakaenda kusoma sanaa na ufundi. Matanuri madogo ya umeme yalianza kuuzwa kwa bei ambayo familia ya kawaida iliweza kumudu. Kulikuwa na jarida la mafundi, baraza la mafundi lililoanzishwa mwaka 1943, na mwaka 1956 likafunguliwa jumba la makumbusho ya kazi za mikono mjini New York.

Ishike hiyo orodha: shule, kitabu, jarida, baraza, makumbusho. Ndiyo iliyozaa bei tunayoiona leo.

Neno letu mjini Cleveland

Kuna jambo moja katika habari hii ambalo msemaji wa Kiswahili atalifurahia. Katika mji huo huo wa Cleveland, mwaka 1915, kilianzishwa kituo cha jamii ambako watu weusi na weupe walikutana kwa michezo ya kuigiza, muziki na sanaa, wakati ambapo sehemu nyingi za Marekani ziliwatenganisha. Mwaka 1941 kituo kizima kilichukua jina la Karamu House. Ndiyo, karamu hii hii yetu. Kituo kipo mpaka leo.

Kutoka Karamu walitoka wasanii weusi kadhaa. Mmoja wao ni Curtis Tann, aliyehamia Los Angeles. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alishirikiana na dada mmoja kijana aliyeitwa Betye Brown, wakaanzisha biashara ndogo ya vyombo na mapambo ya enameli. Waliiita kwa majina yao mawili, Brown and Tann. Dada huyo baadaye aliolewa, akajulikana kama Betye Saar, na leo ni mmoja wa wasanii weusi wanaoheshimika kuliko wote Marekani. Kazi zake ziko katika makumbusho makubwa.

Fikiria sasa mtu aliyenunua kisahani chao wakati ule kama zawadi ya harusi. Alinunua chombo cha kuwekea hereni. Mjukuu wake ameshika kipande cha historia. Chombo hakijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba jina la aliyekitengeneza limekua, na lilikuwa limeandikwa.

Bei inatoka wapi?

Kitu cha kwanza anachotafuta mnunuzi ni jina. Bakuli lenye saini ya Edward Winter na bakuli linalofanana nalo lisilo na saini haviuzwi bei moja, hata kama moto ulikuwa ule ule. Bakuli lisilo na jina huishia kwenye meza ya vitu vya bei rahisi.

Cha pili ni kumbukumbu, yaani maelezo ya kitu kimepita wapi. Kilinunuliwa kwa nani? Kiliwahi kuonyeshwa wapi? Kuna picha au risiti? June Schwarcz alizipa kazi zake namba. Kwa hiyo mtu akileta chombo leo na kusema ni cha Schwarcz, wataalamu wana pa kuanzia. Daftari na kalamu tu vilitosha kumfanya tapeli apate shida.

Cha tatu ni hali ya kitu. Kioo hakisamehe. Kipande kikibanduka ukingoni, bei hushuka sana, maana kurudisha kazi ya zamani kwenye tanuri ni hatari na mara nyingi haiwezekani. Wengine hujaza ufa kwa gundi na rangi ya kawaida, wakaiuza kama nzima. Mnunuzi mjuzi hukiinamisha chombo kwenye mwanga, kwa sababu gundi haing'ai kama kioo.

Cha nne ni vitabu na maonyesho. Hapa kuna mfano mzuri. Watu wawili, Bernard Jazzar na Harold Nelson, walianza kukusanya enameli wakati watu wengi walikuwa wameziacha. Mwaka 2007 waliandaa maonyesho makubwa huko Long Beach, California, pamoja na kitabu kinene cha mafundi wa kuanzia 1930 hadi 1980. Mwaka huo huo walianzisha taasisi ya kutunza enameli. Baada ya hapo mtu aliyekuwa na bakuli la marehemu mama yake aliweza kulinganisha jina lililo nyuma na jina lililo kitabuni. Soko lilipata kamusi yake.

Upande mwingine, jina likiandikwa vibaya na bei inakwenda upande. Huko Norway kulikuwa na kiwanda cha Cathrineholm kilichotengeneza mabakuli na birika za enameli zenye majani makubwa ubavuni, maarufu sana hadi leo kwa wakusanyaji. Wauzaji wengi humtaja mbunifu mmoja tu, Grete Prytz Kittelsen. Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyebuni maumbo ya vyombo, lakini yale majani yalichorwa na Arne Clausen, mfanyakazi wa kiwanda. Jina kubwa lilimeza jina dogo. Hata kwa wenzetu wenye vitabu na makumbusho, hilo hutokea.

Kwa nini vitu hivi vinatoka sokoni sasa?

Watu walionunua enameli miaka ya 1950 wakiwa vijana, wengi wamefariki au ni wazee sana. Nyumba zao zinafungwa. Watoto wanaishi kwenye nyumba ndogo mijini na hawana pa kuweka sahani 60 za mapambo. Vitu vinauzwa vyote pamoja, siku moja au mbili, mlango wazi. Vingi vinapigwa picha na kuwekwa kwenye minada ya mtandaoni, mtu wa nchi nyingine ananunua akiwa kitandani na simu yake.

Hapo ndipo penye faida na hasara. Anayejua kusoma jina nyuma ya sahani ananunua kwa dola tano na kuuza kwa mia mbili. Aliyerithi bila kujua ndiye anayepoteza. Tofauti kati yao ni ujuzi, si mtaji.

Lakini tusidanganyane kwamba kila kilicho cha zamani ni mali. Miaka ya 1950 na 1960 enameli zilitengenezwa kwa wingi, na watu wengi walifanya kama burudani ya mwisho wa wiki. Nyingi kati ya hizo hazipandi bei na hazitapanda. Vitu vingi vikitoka kwa pamoja kwenye nyumba za wazee, bei ya vile vya kawaida hushuka. Majina machache ya juu ndiyo hushikilia. Mtu anayenunua kwa kutegemea utajiri anacheza kamari. Wakusanyaji wa kweli watakuambia ununue unachopenda kukitazama.

Kuna na jambo la afya. Enameli nyingi za zamani zina madini ya risasi, na baadhi ya rangi nyekundu na njano zilitumia kadimiamu. Zilikusudiwa kuwa mapambo. Chombo cha namna hiyo hakifai kuwekewa chakula, hasa chenye ndimu au siki. Na hata kile kikombe chetu cha jikoni, kikibanduka upande wa ndani, ni bora kikapandwe ua.

Aliyetengeneza anapata nini?

Fundi aliuza bakuli lake mwaka 1955 kwa dola chache. Leo linauzwa kwa mia tatu. Yeye au watoto wake wanapata nini katika hizo mia tatu? Kwa Marekani, hakuna. Nchi hiyo haina sheria ya taifa zima inayompa msanii sehemu ya bei kazi yake inapouzwa tena. Katika Umoja wa Ulaya sheria ipo tangu mwaka 2001, ambapo kazi ya sanaa ikiuzwa tena kupitia wafanyabiashara wa sanaa, asilimia ndogo humwendea msanii au warithi wake.

Kwa hiyo ile bei ya juu inawafikia wakusanyaji, madalali na nyumba za minada. Fundi anapata heshima. Heshima ina faida yake akiwa hai, kwa kuwa kazi yake inayofuata itauzwa vizuri. Akiwa ameshafariki, haimsaidii kulipa ada ya mjukuu.

Buluu inayotoka Katanga

Turudi kidogo kwenye rangi. Tulisema buluu ya enameli inatokana na kobalti. Miaka hiyo ya katikati ya karne iliyopita, mzalishaji mkubwa wa kobalti duniani alikuwa Katanga, kusini mwa Kongo, chini ya kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Katanga ni nchi ya shaba pia, na ni nchi ya Kiswahili. Wachimbaji wa Lubumbashi na Kolwezi walizungumza lugha hii tunayoandika.

Hatuwezi kunyooshea kidole bakuli fulani la Cleveland na kusema buluu yake ni ya Kolwezi. Tunachoweza kusema ni kwamba dunia ilipotaka buluu, sehemu kubwa ya kobalti ilitoka kwa watu wetu, na wakati bakuli linapewa bei, hakuna anayeuliza mchimbaji alikuwa nani. Hakuna saini ya mchimbaji nyuma ya sahani.

Suala hilo bado liko mezani. Leo Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, safari hii kwa ajili ya betri za simu na magari. Februari 2025 serikali ya Kinshasa ilisimamisha kuuza kobalti nje kwa sababu bei ilikuwa imeporomoka, na Oktoba mwaka huo ikaweka mfumo wa mgao, kwamba kila mwaka kitoke kiasi fulani tu. Ni njia ya kujaribu kuwa na neno kwenye bei. Mwenye malighafi peke yake ana nguvu kidogo, na hata hiyo kidogo huipata anapojua anauza nini na anamuuzia nani.

Huku kwetu: kopo la rangi na jina la Tingatinga

Sasa turudi kwenye ile enameli ya kopo. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa wilaya ya Tunduru, mkoa wa Ruvuma, akaenda Dar es Salaam kutafuta maisha kama wengi wetu. Mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alitumia vipande vya mbao laini za dari na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Picha ziliuzwa kwenye duka la Morogoro Stores, Oysterbay, kwa shilingi chache. Mwaka 1972 alifariki kwa risasi ya polisi, katika tukio la kufananishwa na mhalifu. Alichora kwa kama miaka minne tu.

Leo picha aliyoichora kwa mkono wake mwenyewe ni kitu cha maelfu ya dola katika minada ya Ulaya. Na kwa sababu alichora muda mfupi, na hakuna aliyeweka daftari la kazi zake, za bandia ni nyingi. Saini yake imeigwa sana. Mnunuzi anaogopa, na hofu ya mnunuzi inaziumiza hata zile za kweli.

Hapo ndipo tofauti na namba za June Schwarcz inapoonekana. Wote wawili walitumia kitu cha kawaida, yeye shaba na unga wa kioo, huyu wetu rangi ya baiskeli. Schwarcz alikuwa na daftari, na jirani yake kulikuwa na makumbusho, jarida na mtu wa kuandika kitabu. Tingatinga hakupata muda, na waliokuwa wakinunua hawakudhani kuna haja.

Wachonga mpingo wa Mtwara na Lindi wako kwenye hali hiyo hiyo mpaka sasa. Kinyago kinauzwa kando ya barabara bila jina. Kinafika Dar es Salaam, kinapita mikono mitatu, kinafika duka la Ulaya na karatasi iliyoandikwa tu kwamba ni kazi ya Wamakonde. Kabila zima limetajwa, aliyekichonga hakutajwa. Bei ya kitu kisicho na mwenyewe hupangwa na anayekiuza mwisho.

Kwa fundi anayesoma haya, hatua za kuanzia hazigharimu kitu. Chonga jina na mwaka chini ya kila kazi. Ipige picha kwa simu kabla haijatoka, mbele na nyuma. Andika kwenye daftari: namba, vipimo, umemuuzia nani, kwa kiasi gani. Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 na ofisi ya COSOTA inayosajili kazi za wasanii. Daftari lako ndilo ushahidi wa kwanza siku ukienda huko.

Mtu wa pikipiki akifika

Na wewe usiye fundi, uliye na kitu cha zamani ndani? Yapo mambo machache ya kuzingatia.

Usiuze siku ile ile. Anayekuharakisha ana sababu yake. Kitu kilichokaa nyumbani miaka 60 hakitaharibika kwa kukaa wiki mbili zaidi.

Usikisugue. Watu wengi wakiambiwa kuna mnunuzi, cha kwanza ni kukipiga msasa na kukipaka mafuta ya viatu. Wakusanyaji wanataka alama za matumizi. Kwenye kigoda, ule weusi wa mikono ya babu ndio unaothibitisha kwamba kigoda ni cha babu. Kwenye enameli na vyombo vya shaba, dawa kali za kusugulia huondoa kile kile kinachotafutwa.

Andika habari zake wakati wazee wapo. Nani alikitengeneza? Kilitumika kwa shughuli gani? Kilifikaje kwenye ukoo? Mrekodi bibi kwa simu akieleza. Kumbukumbu hiyo ina thamani hata kama hutauza kamwe.

Jua sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inazuia kutoa nje ya nchi vitu vya kale bila kibali, na inagusa vitu vya utamaduni kama vinyago vya zamani na milango ya kuchongwa. Ukiwa na mashaka, ulizia kwa afisa utamaduni wa wilaya. Kama kitu ni cha ukoo au cha mila, si chako peke yako kukiuza, na wenzetu wa pwani ya Kenya wanalijua hilo kwa uchungu. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za kuwakumbuka marehemu, viliibwa makaburini na kuuzwa kwa wakusanyaji wa Marekani. Baadhi vimerudishwa na makumbusho ya huko, baada ya miaka mingi ya kudai.

Mwisho, jihadhari na hadithi za utajiri wa ghafla. Wanaotangaza kununua rupia za Mjerumani kwa mamilioni, au zebaki nyekundu, au sufuria ya zamani inayovuta mchele, huanza na ahadi kubwa na kumalizia na ada ndogo unayotakiwa kutanguliza. Soko halali la vitu vya zamani, kama tulivyoliona kwenye enameli, halina miujiza. Lina jina, kumbukumbu, hali ya kitu, na bei ambazo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzitazama kwenye tovuti za minada na kulinganisha. Mnunuzi anayekataza usilinganishe, mpe maji ya kunywa na umsindikize.

Jambo la kufanya wiki hii ni dogo. Kama nyumbani kuna mtu anayechonga, anayesuka ukili, anayefinyanga au anayehunzi, mwulize kama jina lake lipo kwenye kazi yake. Kama halipo, aanze na ile iliyo mkononi sasa.